Sauti Imekupwelea? Inuka Uende

Wiki ya tatu sasa sauti imekupwelea. Kwanza ulisema ni vumbi la safari, kisha ukasema ni mafua, kisha ukasema ni zile kelele za harusini. Umekunywa tangawizi na asali, umelamba ndimu na chumvi, umenunua dawa ya kikohozi kwenye duka la dawa la jirani na muuzaji akakuongezea antibiotiki juu yake. Homa huna. Mafua yaliondoka zamani. Sauti tu ndiyo haijarudi, na watu unaowapigia simu wameanza kuuliza, "Nani mwenzangu?" Nakuandikia wewe. Weka kikombe cha tangawizi chini kidogo, unisikilize.

Mtu mzima ambaye sauti imemkwaruza wiki tatu mfululizo bila sababu inayoeleweka anatakiwa aangaliwe ndani ya koo na daktari wa masikio, pua na koo. Mara nyingi ataambiwa habari nyepesi: vinundu vinavyowapata walimu na waimbaji, au tindikali ya tumbo inayopanda usiku na kuunguza koo. Atapewa dawa au atafundishwa kuipumzisha sauti, na yataisha. Lakini wapo, hasa wanaume waliopita miaka 50 na waliovuta sigara kwa muda mrefu, ambao daktari atawaambia kwamba kuna uvimbe kwenye uzi wa sauti, na kinyama kilichopimwa kimeonyesha saratani. Wewe ukiwa mmoja wao, nataka ulijue jambo hili kabla hofu haijakutangulia: saratani ya nyuzi za sauti ikikamatwa mapema, mara nyingi inapona.

Sisemi hivyo kwa kukupa pole. Nasema kwa hesabu. Uvimbe ukiwa bado umekaa kwenye nyuzi za sauti tu, na nyuzi zenyewe bado zinacheza, madaktari huiita hatua ya kwanza. Kati ya wagonjwa 100 wa hatua hiyo wanaotibiwa kwa mionzi peke yake, 85 hadi 95 uvimbe hutoweka na haurudi tena mahali pale. Ukiwa umepanda au kushuka ukagusa sehemu za jirani, yaani hatua ya pili, idadi hupungua, lakini bado ni kama 65 hadi 80 kati ya 100. Na katika wale ambao mionzi haikuwatosha, wengi huokolewa baadaye kwa upasuaji. 

Kwa nini iwe hivi? Papasa shingo yako kwa mbele. Kile kifundo kinachopanda na kushuka unapomeza mate ndicho zoloto. Ndani yake zimelala nyuzi mbili za sauti, kila mmoja mfupi kuliko kidole chako cha mwisho. Ukisema neno, nyuzi hizo hukutana na kupigana zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Sasa kinundu cha ukubwa wa punje ya mtama kikiota ukingoni mwa uzi mmoja, haziwezi tena kukutana sawasawa; hewa inavuja katikati, na sauti inatoka na mikwaruzo. Saratani ya kongosho inaweza kukaa kimya miezi na miezi, ikajitokeza imeshakula mwili. Hii ya uzi wa sauti inatoa taarifa ikiwa bado changa kabisa. Tena nyuzi hizo zina mishipa michache mno ya limfu, ambayo ndiyo njia saratani huitumia kusafiri kwenda kwenye tezi za shingo. Kwa hiyo hubaki palepale kwa muda, na daktari wa mionzi anaweza kuilenga katika mraba mdogo wa sentimita 5 au 6 kila upande, akaacha nje tezi za mate na sehemu nyingine zisizohusika.

Mwili umekutumia mjumbe mapema. Usimwache mlangoni.

Yupo mtu mmoja aliyepokea taarifa hiyo mapema, mwenye mali, jeshi na madaktari bora wa bara zima la Ulaya, na bado akaondoka. Januari 1887 mrithi wa kiti cha Ujerumani, Friedrich, aliyekuwa mvutaji mkubwa wa kiko, sauti ilimpwelea. Machi profesa mmoja wa Berlin akaona kinundu kwenye uzi wa kushoto, akajaribu kukichoma kwa waya wa moto. Kikarudi. Madaktari wa Kijerumani wakataka kupasua, akaitwa bingwa wa koo kutoka London, Morell Mackenzie, akachukua vinyama vikapimwa na Rudolf Virchow, na saratani haikuonekana. Mabishano yakaendelea, miezi ikapita. Novemba hakukuwa na mtu wa kubisha tena kwamba ni saratani. Februari 1888 ilibidi atobolewe koo ili apate kupumua. Mwezi uliofuata baba yake alifariki, naye akawa Kaiser Friedrich III, mfalme asiyeweza kutamka neno, anayeandika amri zake kwenye vipande vya karatasi. Alitawala siku 99, akafa tarehe 15 Juni 1888 akiwa na umri wa miaka 56.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Miaka saba tu ilimpungukia mfalme huyo. Na hata hapo ilibidi watu wajifunze namna ya kuitumia, kwa sababu mionzi ikimwagwa yote kwa mkupuo huunguza kizima na kibovu pamoja. Aliyeonyesha njia ni daktari Mfaransa, Henri Coutard, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Radiamu mjini Paris. Aliigawa dozi kidogo kidogo kwa siku nyingi, ili seli nzima zipate nafasi ya kujitengeneza kati ya siku moja na nyingine huku zile za saratani zikizidi kudhoofika. Mwaka 1922 yeye na mwenzake Hautant waliwaonyesha madaktari wenzao wagonjwa wa saratani ya zoloto waliopona kwa mionzi. Karne nzima imepita tangu siku hiyo. Kile ambacho mfalme hakuweza kukipata kwa hazina yake yote, leo mvuvi wa Kilwa anaweza kukifuata kwa basi.

Najua utakachosema: "Ukishapelekwa Ocean Road, ndiyo basi." Nimelisikia neno hilo misibani, kwenye daladala, na hata kwa watu waliosoma. Linatuumiza sana. Jengo lile la ufukweni Dar es Salaam lilifunguliwa mwaka 1897 kama hospitali ya Wajerumani, likawa taasisi kamili ya saratani mwaka 1996, na tangu 2018 lina mashine za kisasa za mionzi zinazolenga kwa milimita. Watu wanakufa pale, ndiyo, na wengi wao ni kwa sababu walifika saratani ikiwa imeshatapakaa. Anayefika mapema na sauti yake ya kukwaruza anaikuta tiba inamsubiri. Hospitali ya Bugando kule Mwanza nayo ina mionzi. Kenya kuna Kenyatta, kuna hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kuna Moi kule Eldoret. Kigali wanatibu kwa mionzi Kanombe tangu 2019. Waganda wanajua vizuri thamani ya kitu hiki: mwaka 2016 mashine yao pekee, ya hospitali ya Mulago, iliharibika, na mpaka nyingine ilipoanza kazi mapema 2018, wagonjwa waliokuwa na uwezo walihangaika kufuata tiba nje ya nchi na wasio na uwezo wakabaki wanasubiri. Ukiwa na mashine inayofanya kazi ndani ya nchi yako, kukaa nyumbani na uvimbe kwenye koo ni kuidhulumu nafsi yako.

Sasa nikupeleke ndani ya chumba chenyewe, maana hofu nyingi ni ya kutojua.

Siku ya kwanza hupigwi mionzi. Unalazwa chali, wanaleta bamba la plastiki lenye matundu, lililolainishwa kwenye maji ya moto, wanakufunika nalo uso na shingo. Unahisi joto na unyevunyevu, kisha dakika chache baadaye linakauka na kushika sura yako. Hicho ni kinyago chako, jina lako litaandikwa juu yake, na kazi yake ni kukuweka palepale kila siku ili mionzi isikose shabaha. Unapumua kama kawaida kupitia matundu yale. Kisha unapigwa picha za kompyuta, na wataalamu wanakaa kupanga pembe na vipimo. Siku nyingine zote ni hivi: unaingia, unalala, kinyago kinafungwa mezani, wahudumu wanatoka, mlango mzito unafungwa, mashine inalia dakika chache. Huhisi kitu. Hakuna moto, hakuna sindano. Wahudumu wanakuona kwenye skrini muda wote, na ukiinua mkono wanaingia. Robo saa baadaye uko nje, na unaweza kumpakata mjukuu wako jioni ileile, kwa sababu mionzi ya namna hii haibaki mwilini na wala haimfikii mtu mwingine.

Unakwenda siku 5 kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa. Hospitali nyingine hugawa dozi katika vipindi 28, nyingine 33, na huko Uingereza wapo wanaomaliza kwa vipindi 16 au 20 kwa kuongeza kiasi cha kila siku. Daktari wako ndiye atakayechagua. Idadi ukishapewa, ishike kama deni la heshima.

Hapa ndipo nataka ujifunge kibwebwe, maana wengi huangukia hapa. Wiki mbili za kwanza utajiona mzima na kujiuliza hofu yote ilikuwa ya nini. Kuanzia wiki ya tatu koo litaanza kuuma. Kumeza mate kutakuwa kazi. Ngozi ya shingo itakuwa nyeusi na kuwasha. Na sauti, ile uliyokuja kuitibu, itazidi kuharibika, pengine itapotea kabisa. Jirani atakwambia, "Unaona? Wanakumaliza." Ndugu yangu, usimsikilize! Hiyo ndiyo mionzi ikifanya kazi. Nyuzi zimevimba kwa tiba. Ndani ya wiki kadhaa baada ya kumaliza, maumivu yatapungua, na sauti itaanza kurudi polepole katika miezi miwili mitatu inayofuata. Kwa walio wengi inakuwa bora kuliko siku waliyoingia hospitali, na kwa baadhi inakaribia ile waliyozaliwa nayo. Kwa siku zile ngumu kunywa mtori uliopoa, uji, maziwa, ndizi zilizopondwa. Pilipili, ndimu na chai ya moto viweke kando. Sukutua kwa maji ya chumvi kidogo. Usinyoe shingo kwa wembe, usipake dawa ya kuchua. Maumivu yakizidi, mwambie daktari siku hiyohiyo, zipo dawa. Chochote kile, usikose kipindi.

Kwa nini nakazania hivyo? Kwa sababu seli za saratani hazina likizo. Siku usiyokwenda, zinazaana. Mahesabu ya madaktari yanaonyesha kwamba kila siku moja ya ziada inayorefusha tiba ya zoloto hupunguza nafasi ya kuudhibiti uvimbe kwa asilimia 1 na kitu. Ukiacha wiki nzima, umetupa kama asilimia 10. Huko Osaka, Japani, wagonjwa 180 wa hatua ya kwanza waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata dozi ya kawaida kila siku, lingine likapata dozi ya siku iliyozidi kidogo sana, ikamalizika kwa muda mfupi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: baada ya miaka mitano, uvimbe ulikuwa umedhibitiwa kwa asilimia 77 katika kundi la kwanza na asilimia 92 katika la pili. Umeona uzito wa siku? Ukisafiri kwenda mazishini kijijini wiki ya nne ukakaa siku tano, hizo ndizo siku unazozichezea. Marehemu atazikwa na wengine. Tuma rambirambi, waombe radhi, baki kwenye tiba.

Na sigara. Hapa sitakubembeleza. Mwaka 1993 madaktari wa Kanada walichapisha matokeo ya wagonjwa 115 wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa wakipigwa mionzi. Waliovuta sigara wakati wa tiba, uvimbe uliisha kabisa kwa asilimia 45 tu. Wasiovuta, asilimia 74. Baada ya miaka miwili waliokuwa hai ni asilimia 39 upande mmoja na 66 upande wa pili. Mashine ni zilezile, madaktari ni walewale. Moshi unainyima damu hewa ya oksijeni, na bila oksijeni mionzi inakosa makali. Hukuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya matibabu ili uyafute kwa pakiti moja. Itupe leo. Ukishindwa peke yako, mkabidhi mkeo au mwanao pesa za mfukoni kwa hiyo miezi miwili, na uwaambie rafiki zako wa kijiweni wakufukuze wakikuona unaomba kipisi.

Nikupe mtu wa kumwangalia. Levon Helm alikuwa mpiga ngoma na mwimbaji wa kundi la The Band kule Marekani, mtoto wa wakulima wa pamba wa Arkansas, mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1998 alikutwa na saratani kwenye nyuzi za sauti. Alishauriwa kuondolewa zoloto lote. Kwa mwimbaji hiyo ni kama kuambiwa uzikwe ukiwa hai. Akaenda hospitali ya saratani ya New York akapigwa mionzi vipindi 28. Uvimbe ukaisha, lakini sauti ikabaki mnong'ono. Hakukaa kulia. Aliendelea kupiga ngoma, akafungua nyumba yake ya Woodstock kwa maonyesho ya usiku ili alipe madeni ya hospitali, na sauti ikaanza kurudi kidogo kidogo, nyembamba na yenye mikwaruzo, lakini yake. Mwaka 2007 akatoa albamu ya Dirt Farmer, akashinda tuzo ya Grammy, na albamu mbili zilizofuata nazo zikashinda. Saratani ilimchukua hatimaye, Aprili 2012. Hesabu mwenyewe kutoka 1998: alipata miaka 14, na katika hiyo aliimba tena mbele ya watu waliodhani hawatamsikia maishani.

Labda wewe umeshachelewa. Uzi hauchezi tena, shingo ina tezi, pumzi inapiga mluzi. Bado usilale. Zamani jibu la hatua hiyo lilikuwa kisu tu. Mwaka 1991 hospitali za maveterani wa Marekani zilitoa matokeo ya wagonjwa 332 wa saratani kubwa ya zoloto: nusu waliondolewa zoloto kisha wakapigwa mionzi, nusu walipewa dawa za kemikali kisha mionzi. Baada ya miaka miwili waliokuwa hai ni asilimia 68 katika makundi yote mawili, na katika lile la pili wagonjwa 64 kati ya 100 walikuwa bado na zoloto lao. Mwaka 2003 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba dawa na mionzi vikitolewa kwa pamoja, zoloto huhifadhiwa kwa asilimia 88 baada ya miaka miwili, dhidi ya 70 kwa mionzi peke yake. Na ikibidi zoloto liondoke, mtu hujifunza kusema upya, kwa kifaa kidogo kinachowekwa kooni au kwa kile cha kuegemeza shingoni. Sauti inabadilika. Bado ataomboleza na watu, atabariki wajukuu, ataamrisha shambani kwake.

Ni haki pia ujue kwamba kwa uvimbe mdogo wa mwanzo kuna mahali wanakata kwa leza kupitia mdomoni, na uponaji wake unalingana na wa mionzi. Ukipewa uchaguzi, uliza ni upi utakaokuachia sauti nzuri zaidi kwa uvimbe wako, na ni upi hospitali hiyo inaufanya mara kwa mara. Mionzi pia ina alama zake za kudumu kwa wachache: koo kavu, sauti inayochoka upesi, tezi ya shingo inayolegea kazi, na mara chache sana gegedu la zoloto huumia. Ndiyo maana baada ya kumaliza unarudi kuangaliwa, tena kwa uaminifu mkubwa miaka miwili mitatu ya kwanza, kwa kuwa saratani ikirudi, mara nyingi hurudi katika kipindi hicho, na ikionwa mapema upasuaji huiwahi.

Nanyi wa nyumbani, mgonjwa wa mionzi hashindwi na saratani peke yake. Nauli humshinda, godoro la kulala mjini humshinda, upweke wa foleni humshinda. Kaeni kikao kabla hajaanza. Shangazi wa Temeke amlaze wiki zote za tiba. Vijana wagawane nauli kwa zamu, kila mmoja na wiki yake. Bosi apewe barua ya daktari mapema. Na kama mzee ni mbishi, anasema sauti itarudi yenyewe, msibishane naye. Mkamateni mkono asubuhi muende. Mkifika, msiridhike na kupuliziwa dawa kooni mkarudi. Semeni hivi kwa daktari: sauti imepotea zaidi ya wiki tatu, alivuta sigara miaka fulani, tunaomba nyuzi zake za sauti ziangaliwe kwa kioo au kamera. Kama pale hawana kifaa, ombeni rufaa, na msitoke kabla karatasi yake haijawa mkononi, ina muhuri na tarehe.